MASWALI YA WASOMAJI: Nimeandika kila kitu, je, nina kazi gani?

SWALI: Shikamoo Mama Mhariri. Nina umri wa miaka 34 na ninaishi Mwanga, mjini Kigoma. Nilianza kwa kusoma taarifa ya habari katika redio ya hapa mkoani, kisha nikaandikia gazeti la Dar es Salaam kwa malipo ya kila habari inayochapishwa. Tangu hapo nimehariri riwaya mbili na kumbukumbu za mstaafu mmoja, nimeandika michezo ya redio, nimetafsiri vipeperushi vya afya, na sasa ninahariri ripoti za mashirika yanayohudumia wakimbizi Kasulu na Kibondo. Juzi niliomba ajira, na katika usaili nikaambiwa kwamba wasifu wangu ni wa mtu asiyetulia. Ndugu nao huniuliza ninafanya kazi gani hasa. Je, niyaache mengine nichague moja?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiache. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimemwona mtu mwenye kazi moja ambayo hajaipa jina. Wewe ni mhariri, na hayo mengine yote ni mahali ulipojifunzia uhariri. Redio ilikufundisha kuandika sentensi ambayo msomaji wa habari anaweza kuimaliza kwa pumzi moja na msikilizaji akaielewa bila kuirudia. Gazeti lilikufundisha kutanguliza jambo kuu na kuthibitisha jina na tarakimu kabla ya kuzipeleka, kwa kuwa habari isiyochapishwa haikulipwa. Riwaya ilikudai subira ya namna nyingine, ile ya kurekebisha kazi ya mtu bila kuifuta sauti yake. Mhariri aliyepitia kote huko hapatikani kirahisi, na ninasema hivyo baada ya kukaa katika dawati la uhariri kwa miaka mingi.

Wengi hudhani kuhariri ni kusahihisha tahajia. Chukua sentensi ya ripoti inayosema, "Mradi uliothaminiwa na wahisani umeleta madhara makubwa kwa wanawake wa kijiji." Hakuna neno lililokosewa tahajia, lakini mwandishi alitaka kusema kwamba mradi ulidhaminiwa na kwamba ulileta manufaa, alitafuta neno athari, akaangukia madhara, na shirika zima likaonekana limewadhuru watu liliokwenda kuwasaidia. Asiyeijua lugha kwa undani hataona kasoro. Ndiyo maana ninawasihi wahariri wote wawe na Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1981, pamoja na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, na wazifungue hata kwa maneno wanayodhani wanayajua.

Kwa hapo ulipo una jambo jingine la thamani. Kambi ya Nyarugusu, huko Kasulu, imepokea wakimbizi kutoka Kongo tangu mwaka 1996, na Kiswahili chao si kile cha vitabu vyetu vya shule. Kuna wanaosema "masomo" wakiwa na maana ya shule yenyewe. Kipeperushi cha afya kilichoandikwa Dar es Salaam kinaweza kuwa fasaha kabisa na bado kikamkanganya mama mwenye mtoto mgonjwa. Wewe unayeishi kati ya Kiha, Kirundi, Kiswahili cha Kongo na cha kwetu unaweza kukisoma kwa sikio lake. Liandike hilo katika wasifu wako, tena juu kabisa.

Na wasifu wenyewe uupange upya. Usiorodheshe ajira kwa miaka, maana hapo ndipo unapoonekana unarukaruka. Anza na maneno "Mhariri na mwandishi wa Kiswahili", kisha uweke kazi kwa mafungu: vitabu, ripoti, redio, magazeti, tafsiri. Henry Morton Stanley alipofika Ujiji mwaka 1871, hapo jirani na kwako, alikuwa mwandishi wa gazeti la New York Herald, na safari ile moja ilizaa habari za gazetini na, mwaka uliofuata, kitabu. Simsifu kwa aliyoyatenda baadaye Kongo. Ninataka tu uone kwamba mwandishi kupita kutoka gazetini hadi kitabuni ni desturi kongwe ya kazi hii.

Liko jambo moja linalonitia hofu katika barua yako, nalo hukuliuliza. Iwapo bado unaandikia gazeti huku ukihariri ripoti za mashirika, usiandike kamwe habari kuhusu shirika linalokulipa. Ukilisifu, msomaji amedanganywa, na ukilikosoa, umetumia siri za mteja. Mwambie mhariri wako wa gazeti mapema ni mashirika gani unayafanyia kazi, ili habari zao apewe mwingine. Nimeona majina mazuri yakichafuka kwa sababu hii tu, bila mwenye jina kuwa na nia mbaya. Vilevile hakikisha una ithibati, yaani kitambulisho rasmi cha mwandishi wa habari, inayotakiwa na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016.

Mwisho, makubaliano yako yawe ya maandishi. Mimi mwenyewe niliwahi kufanya kazi kwa miezi minne juu ya muswada wa mtu niliyemheshimu, kwa ahadi ya mdomo, na kitabu kikatoka bila jina langu na bila malipo. Tangu hapo hupokea theluthi moja kabla ya kuanza, theluthi ya pili nikifika katikati, na iliyobaki kabla ya kukabidhi nakala ya mwisho. Kwa kazi unazoziandika mwenyewe, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua haki ya kiuchumi, yaani ya kupata kipato kutokana na kazi yako, na pia haki ya mwandishi kutajwa kuwa ndiye mwandishi. Usitie saini karatasi inayokunyang'anya zote mbili kwa sababu tu una haraka ya fedha.

SWALI: Mimi ni mwalimu hapa Urambo, Tabora, na nimeanza kuhariri miswada jioni. Nitoze kwa ukurasa au kwa siku?

JIBU: Usitoze kwa ukurasa, ndugu mwalimu, kwa kuwa mteja akipunguza ukubwa wa herufi kurasa 200 huwa 140 na kazi ni ileile. Hesabu maneno. Kabla ya kutaja bei, omba maneno 3,000 kutoka katikati ya muswada, kwa sababu mwanzo huwa umesafishwa, uyahariri huku ukitazama saa, kisha ukadirie kazi nzima. Eleza pia unauza nini, maana kusoma prufu (kukagua makosa ya mwisho kabla ya kuchapa), kuhariri lugha na kupanga upya sura za kitabu ni kazi tatu zenye bei tatu. Kampuni au taasisi ikikulipa, itakata kodi ya zuio, yaani ile inayoondolewa kwenye malipo kabla hujayapokea, ya asilimia 5. Idai hati ya makato hayo siku hiyohiyo, uiweke pamoja na mkataba.