Muda wa kukaa nchini umepita, tufunge ndoa?

SWALI: Mchumba wangu ni Mzambia. Siku alizogongewa kwenye pasipoti zimepita. Tukioana atakuwa salama? – Msomaji, Temeke

JIBU: Hapana, dada. Cheti cha ndoa hakifuti kosa la kuzidisha muda. Aende Uhamiaji mwenyewe na pasipoti yake, kabla hajakamatwa. Tafadhali msimpe kishoka hela. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka msajili apewe taarifa angalau siku 21 kabla. Hapo wengi hukwama: ukumbi umelipiwa, taarifa bado iko ubaoni. Aagize mapema kwao hati ya kuthibitisha kwamba hana ndoa nyingine. Mkishaoana, kibali cha kuishi kinaombwa, hakiji chenyewe. Kazi nayo ina kibali chake.