Bahili atoe, lakini asitubu

Mkuu, nimekisoma kibonzo chako cha fremu nne. Mzee tajiri anaombwa mchango wa harusi, anawatimua wanakamati, usiku anaota amezikwa bila mtu wa kumlilia, asubuhi anatoa laki tano na ukumbi mzima unampigia makofi. Unauliza kwa nini hakichekeshi wakati kila mtaa una mzee wa namna hiyo. Nimechora vibonzo vya magazetini kwa miaka mingi, na mhusika niliyedumu naye kuliko wote ni bahili, Mzee Kufuli, kwa hiyo niruhusu nieleze kwa kirefu.

Kicheko chako kimefia kwenye ndoto. Mwandishi Mwingereza Charles Dickens alipita njia hiyo mwaka 1843: bahili wake, Ebenezer Scrooge, anatembelewa na mizimu usiku, kukicha anaipelekea familia ya karani wake bata mzinga mnono, kisha anamwongeza mshahara. Kitabuni inakubalika, kwa sababu msomaji ameshakaa na mzee yule kurasa nyingi, na kitabu kikiisha kimeisha. Kibonzo kinarudi wiki ijayo. Bahili akishatubu, wiki ijayo utamchora nani? Mchora vibonzo Carl Barks alipomchora bata tajiri wa Disney mwaka 1947 alimpa jina hilohilo la Scrooge, na mwaka 1952, bata yule alipopata kitabu chake mwenyewe, Barks alimpa sababu: anakumbuka pesa zake zilikotoka na jasho alilozimwagia. Ndiyo maana tunampenda. Ukimpa mzee wako sababu, hata ya neno moja tu, msomaji atamcheka bila kumchukia.

Mdau mmoja hapo juu amekushauri umkomeshe, kama tajiri wa hadithi ya Abunuwasi aliyedai alipwe harufu ya nyama akalipwa mlio wa fedha. Hadithi tamu sana ile, lakini pale bahili anaumbuliwa. Wewe unataka bahili anayetoa. Hayo ni mambo mawili tofauti, na la pili ndilo gumu, kwa sababu kicheko chake kinakaa katikati ya mkono kuingia mfukoni na mkono kuachia noti.

Hapo ndipo uweke nguvu zako zote. Zamani nilikuwa na jirani mwenye duka la jumla, mtu wa mkono wa birika kweli kweli, na nilikuwa namtazama kila wanakamati walipompitia. Kwanza anauliza nani mwingine ameshatoa, na kiasi gani. Kisha anageuka ukutani kufungua pochi, watu wasione ndani. Anatoa elfu tano, anaikunjua, anaisugua taratibu kwa kidole gumba na cha shahada kuhakikisha hazijashikana mbili. Akishaitoa, haiachii. Mwenye daftari ameshika upande huu, yeye upande ule, na wakati huo anauliza harusi ni lini, ukumbi gani, na kama bibi harusi ni wa ukoo ule wa kule milimani. Nilipoichora ile noti ikiwa imevutwa kutoka pande mbili, mikono miwili tu bila sura wala neno, mhariri aliniambia hiyo ndiyo fremu ambayo watu waliikata gazetini na kuibandika madukani.

Angalia pia kiasi. Laki tano ni nyingi mno, inamgeuza mzee kuwa mfadhili. Elfu tano inauma zaidi kuichora, kwa sababu msomaji anaijua thamani yake na anajua mzee anayo mara elfu. Ukitaka kumpandisha hadi msimbazi mmoja, yaani noti ya elfu kumi, basi aombe chenji, na aiombe kwa heshima zote kama anayedai haki yake dukani.

Siku hizi simu imetuletea utajiri mwingine. Mzee Kufuli aliwahi kutuma mchango wake kamili, shilingi kwa shilingi. Mhazini, binti wa mdogo wake, akampigia: “Shikamoo baba mkubwa. Imefika, ila hujaweka ya kutolea.” “Marahaba mwanangu. Na mimi makato ya kutuma kanirudishia nani?” Fremu ya mwisho haina harusi kabisa. Mzee amekaa kwenye kiti kwa wakala, yuko pamoja na yule binti, amekuja kwa miguu kutoka mwisho wa mtaa kushuhudia pesa ikitolewa, na mkononi ana sarafu mbili za ile ya kutolea, ameshazihesabu tayari. Ametoa. Hajabadilika hata kidogo. Na mtu akitembea umbali wote ule kwa ajili ya harusi ya mtoto wa nduguye, msomaji anaona mwenyewe kwamba mzee anaipenda familia yake. Usiliandike hilo popote.

Makofi ya ukumbini yaondoe. Wanakamati wanaopokea elfu tano ya bahili hawapigi makofi. Wanatazamana, halafu mwenye daftari anaandika haraka kabla mzee hajaghairi. Kalamu ile inayokimbia nakushauri uichore vizuri.

Ukikichora upya, anza na fremu ya tatu, iwe ya mkono na noti, kabla ya zote. Ukishaipata hiyo, ya kwanza na ya pili utajua ziwe na nini. Ukimaliza iweke hapahapa, hata ikiwa ya penseli, tuitazame pamoja.