Maswali yenu kuhusu tangi la mafuta la magurudumu

Tangu nieleze namna ya kutunza jenereta ndogo, maswali mengi yanayonifikia yanahusu kitu kimoja: lile tangi la plastiki ngumu lenye magurudumu mawili, mpini wa kuvutia, pampu juu na mpira wenye koki mwishoni. Wengine mmeshaagiza, wengine mnataka kuagiza. Nimechagua maswali yanayogusa wengi. Nayajibu kwa urefu tofauti, kwa sababu hatari zake hazilingani.

Nina saluni Sinza na jenereta ndogo ya petroli. Kijana wangu wa kazi hunyonya mpira kutoka kwenye dumu hadi mafuta yaanze kushuka. Nimeshauriwa ninunue tangi la magurudumu la lita 50. Ninunue?

Mama yangu, kabla ya kununua chochote, mwambie huyo kijana aache kunyonya mpira kuanzia leo. Nilipokuwa najifunza ufundi nilifanya hivyo hivyo. Siku moja nilivuta kwa nguvu, petroli ikanijaa mdomoni na nyingine ikapita njia ya hewa. Nilikohoa siku tatu, na kila nilichokula kilikuwa na ladha ya mafuta. Nilisalimika, lakini wapo wasiosalimika. Petroli ni nyepesi mno, ikiingia mapafuni kidogo tu inatandaa na kuyaunguza kwa ndani. Ndiyo maana aliyemeza hatapishwi: inapopanda tena kooni ndipo inapopata nafasi ya kuingia mapafuni. Na ile desturi yetu ya kumkimbizia mtu maziwa iacheni, maana maziwa nayo yanaweza kumtapisha. Mpelekeni hospitali.

Sasa lile tangi. Kwa saluni, lita 50 ni nyingi. Petroli ya ujazo huo ina uzito wa kilo 37 hivi, bila tangi lenyewe, na itakaa dukani wiki nyingi ikisubiri umeme ukatike. Najua hofu inatoka wapi. Mgao wa mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 ulitufundisha wengi kuweka akiba. Mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere ilianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, lakini mazoea ya akiba yamebaki. Nunua dumu la lita 20 au dogo zaidi, lililotengenezwa kwa ajili ya mafuta, pamoja na pampu ya mkono inayofaa petroli. Fedha inayobaki nunua mtungi wa kuzimia moto wa unga mkavu.

Na jenereta isijazwe mafuta ikiwa inanguruma, wala mara tu baada ya kuzimwa. Ekzosi yake bado ina moto wa kutosha kuwasha tone lililodondoka. Mpe kijana robo saa ya kusubiri, hata kama mteja yuko chini ya drayeri analalamika.

Nachomelea vyuma Tabata kwa jenereta kubwa. Nimenunua tangi la lita 60 lenye pampu ya kubonyeza. Kwenye picha walibonyeza mara chache tu, mafuta yakawa yanatiririka yenyewe. Langu nikiacha kubonyeza yanakata. Nimeuziwa bovu?

Inawezekana tangi lako ni zima kabisa, ila picha haikukuonyesha jambo moja: kimo. Pampu nyingi za kubonyeza kazi yake ni kuanzisha tu. Zinajaza mpira mafuta, kisha uzito wa mafuta yenyewe ndio unaovuta yaliyobaki. Hilo linawezekana pale tu mafuta ya kwenye tangi yanapokuwa juu kuliko mahali mpira unapomwagia. Jenereta yako kubwa tangi lake liko juu, karibu na kiuno, na hili la magurudumu umeliweka sakafuni. Maji hayapandi mlima, na mafuta vilevile.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuliinua tangi juu ya meza imara kabla ya kumimina, jambo linaloua maana ya magurudumu, maana lita 60 za petroli ni kama kilo 44, na mgongo wako ndio ulitaka kuuokoa. Ya pili ni pampu ya kuzungusha kwa mkono, ile yenye mkono kama wa cherehani ya zamani, ambayo inasukuma mafuta muda wote unapozungusha na haijali kimo. Mtu anayejaza kitu kilicho juu kuliko tangi lake anunue hiyo tangu mwanzo. Anayejaza kitu kilicho chini kuliko tangi, kama mashine ndogo ya kukata nyasi, ile ya kubonyeza inamtosha.

Kabla hujabadilisha pampu, kagua mambo matatu. Fungua kitundu cha hewa kilicho karibu na kifuniko. Kikiwa kimefungwa, tangi linajikunja mbavu na mafuta yanagoma kutoka. Kisha toa oringi, ile pete ya mpira iliyo shingoni mwa pampu, uitazame kwenye mwanga: ikiwa imevimba, imelainika kama ubani uliotafunwa au ina mpasuko, pampu inavuta hewa badala ya mafuta. Mpira wa asili huvimba ukikaa kwenye petroli, kwa hiyo omba oringi ya naitrili, mafundi wa injini wanaijua. Mwisho tazama mpira wenyewe. Ule wa kumwagilia bustani haufai kabisa. Petroli inaukakamaza na kuupasua, na siku utakapopasuka utakuwa umeshika koki mkononi huku mafuta yakimwagika miguuni.

Na unapomaliza, inua ncha ya mpira juu ya usawa wa tangi kabla ya kufunga koki. Ukiiacha chini na koki ikawa haijafunga sawasawa, mafuta yataendelea kushuka yenyewe hata ukiwa umegeuka kwenda kunawa mikono.

Nakodisha muziki na majenereta Mbagala. Jenereta kubwa ni ya dizeli, ndogo mbili ni za petroli. Nimeona tangi la lita 100 lenye pampu ya umeme ya volti 12, limeandikwa la dizeli. Naweza kulitumia kwa yote?

Hapana. Ndugu yangu, hili ndilo jibu ambalo nisingependa ulijaribu kwanza.

Dizeli inahitaji kupata joto la zaidi ya nyuzi 50 kabla mvuke wake haujatosha kushika moto. Petroli inatoa mvuke wa namna hiyo hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Maana yake ni kwamba hapa Dar, mchana na usiku, petroli iliyo wazi muda wote ina kitu cha kuwaka juu yake. Mota ya kawaida ya volti 12 ina brashi ndani, yaani vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, na brashi zinapogusa zinatoa cheche ndogo ndogo. Kwenye dizeli cheche hizo hazipati cha kuwasha. Kwenye petroli unakuwa umeweka kiberiti ndani ya tangi. Zipo pampu za umeme zilizozibwa maalumu kwa ajili ya petroli, na huwa zimeandikwa hivyo waziwazi. Kama maandishi yanasema dizeli tu, basi ni dizeli tu.

Lipo na jingine. Tangi lililobeba petroli haliishi petroli kwa kumwagwa tu. Mabaki yaliyokwama kwenye mpira na kwenye pampu yakichanganyika na dizeli yanashusha usalama wa dizeli yote. Yakiingia kwenye mafuta ya taa ya mtu anayewashia jiko la utambi, yanaweza kumlipukia usoni. Wamarekani wana mazoea ya rangi: nyekundu petroli, njano dizeli, buluu mafuta ya taa. Hapa kwetu dumu jekundu linaweza kuwa na chochote, hata maji ya kunywa. Kwa hiyo usitegemee rangi, andika PETROLI au DIZELI kwa herufi za kiganja kizima, pande mbili.

Kwa kazi yako tangi la dizeli la lita 100 linafaa. Likijaa lina uzito wa zaidi ya kilo 80, basi angalia ekseli na upana wa magurudumu kabla ya kuangalia pampu. Kwa zile ndogo mbili, dumu la lita 20 linatosha.

Nabeba tangi kwenye guta hadi sheli, wananijazia likiwa humo humo juu ya zulia la plastiki. Mhudumu mmoja wa Ubungo alikataa, akasema nishushe chini. Ananisumbua tu?

Huyo mhudumu anajua kazi yake, mshukuru. Mafuta yanapopita kwenye mpira kwa kasi yanazalisha umeme tuli, ule ule unaokuruka kidoleni ukivua nguo ya nailoni. Tangi likiwa juu ya zulia la plastiki umeme huo hauna pa kwenda, unakusanyika, kisha unaruka kama cheche kwenye mdomo wa tangi, mahali hasa penye mvuke. Shusha tangi ardhini. Chuma cha mpira wa sheli kiguse mdomo wa tangi muda wote. Jaza polepole, na simu iwe mfukoni.

Usijaze hadi juu. Petroli iliyotoka kwenye hifadhi ya chini ya ardhi ikikaa kwenye jua la Februari inavimba: lita 50 zikipanda joto kwa nyuzi 20 zinaongezeka karibu lita nzima. Kwa hiyo tangi la lita 50 litie lita 47. Vyombo vyenyewe vina masharti yake, na EWURA ndiyo inayosimamia biashara ya mafuta. Uliza kituoni kabla ya kwenda na tangi, na usigombane na anayekukatalia. Kulipandisha kwenye daladala hata lisifikiriwe.

Naishi Kigamboni. Mume wangu analiweka tangi stoo, ukuta mmoja na jiko la gesi. Anasema kifuniko kimekaza, hakuna shida. Mimi nasikia harufu kila asubuhi.

Dada, pua yako imeshajibu. Ukisikia harufu, mvuke unatoka, iwe kifuniko kimekaza au la. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupandi darini, unatambaa sakafuni kama maji, unapita chini ya mlango na kutafuta bondeni. Jiko likiwashwa upande wa pili, moto unaufuata mvuke kurudi hadi kwenye tangi.

Sisi wa nchi hii hatuhitaji kuelezwa sana. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka pale Msamvu, Morogoro. Watu walikuja na madumu kuchota, mvuke ukashika moto, na waliopoteza maisha walizidi 100. Ninalitaja kwa sababu wengi wanadhani mafuta ndiyo yanayowaka. Kinachotangulia kuwaka ni mvuke, na huo hauonekani kwa macho.

Tangi litoke ndani leo. Liwe nje, kivulini, mahali penye hewa, mbali na jiko, na inverta, na pasipofikiwa na watoto. Kibanda cha wavu na bati kinatosha, kifungwe kwa kufuli. Mume wako akibisha, msomee hapa. Moto ukitokea usiumwagie maji, maana petroli inaelea juu ya maji na kusambaa nayo. Tokeni nje wote, pigeni 114, Zimamoto.

Petroli inaweza kukaa muda gani kwenye tangi bila kuharibika?

Iliyofungwa vizuri na kuwekwa kivulini, miezi michache. Kwenye joto letu na kifuniko kinachovuja, muda ni mfupi zaidi, maana sehemu nyepesi zinazowasha injini ndizo zinazotangulia kuondoka. Andika tarehe kwenye plasta, bandika kwenye tangi, tumia ya zamani kwanza.

Mimi ni nahodha Kunduchi, nina mashine ya mipigo miwili. Kubeba madumu kutoka barabarani hadi majini kunatumaliza. Tangi la magurudumu litafaa ufukweni?

Linafaa, ila si kila moja. Magurudumu membamba ya plastiki yanazama mchangani, mtaishia kulibeba watu wawili. Tafuta yenye matairi mapana, au liishie pale mchanga mgumu unapoanza na mpira uwe mrefu. Parafujo na chemchemi za pampu ziwe za chuma kisichoshika kutu, na kila jioni zisuuzwe kwa maji baridi kwa nje, kifuniko kikiwa kimekazwa.

Maji ndiyo adui wenu mkubwa. Yakiingia kwenye petroli yanakaa chini, na mrija wa pampu unafika chini vilevile, kwa hiyo kinachonyonywa kwanza ni maji. Ondoka Kunduchi na maji kwenye kabureta uone itakuzimikia wapi. Liache tangi litulie kwanza, kisha lita ya mwanzo imimine kwenye chupa safi ya kioo uitazame. Maji yataonekana kama kito kinachobingirika chini ya petroli. Kama yapo, endelea kutoa hadi yaishe.

Tangi la mashine lijazeni ufukweni, likiwa nje ya chombo. Ukijaza ndani ya boti, mvuke unashuka ngamani na kukaa humo, na cheche ya kwanza ya betri inaukuta.

Kuhusu oili: kama kitabu cha mashine yako kinasema sehemu moja kwa 50, ni mililita 20 kwa kila lita, yaani lita moja ya oili kwa petroli ya lita 50. Changanya kwenye tangi la magurudumu kabla ya kulivuta, safari ya mchangani italikoroga. Kisha andika juu yake IMECHANGANYWA, maana kijana wako akidhani haijawekwa oili atamimina tena, na akidhani imewekwa wakati haijawekwa, pistoni itakwama mkiwa nje ya kisiwa cha Mbudya.