Mwalimu, tembo wamekula uwele na mwanangu analala dunguni

ULIZA MWALIMU
Safu ya maswali na majibu

Shikamoo Mwalimu. Naishi kaskazini mwa Mkoa wa Dodoma, kijiji kinachopakana na pori la akiba. Nina watoto wanne, baba yao yuko mjini anahangaika na vibarua. Mwaka huu nililima ekari tatu za uwele na mbili za alizeti. Mwezi wa tano tembo waliingia usiku mara mbili, uwele nilioambulia ni debe tisa tu. Nilitoa taarifa, nikaambiwa nisubiri. Huu ni mwezi wa nne nasubiri. Mwanangu wa darasa la sita nilimpeleka dunguni kulinda na mjomba wake, akakosa shule wiki tano. Juzi walikuja wageni shuleni kufundisha kupenda wanyama, wakagawa madaftari yenye picha ya tembo kwenye jalada. Mtoto kalileta nyumbani, kaliweka juu ya dari, hataki kuliandikia. Nimwambie nini?
Mama wa Wanne

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Nilifundisha shule za msingi miaka 31, na kwa miaka 14 kati ya hiyo nilisimamia klabu ya Malihai, ya wanafunzi kujifunza wanyamapori na mazingira. Klabu hizi zilianza nchini mwaka 1980. Yetu ilipanda miti, ikachora wanyama, na mara moja tukachangishana tukawapeleka watoto Hifadhi ya Ruaha. Mwaka mmoja, mvulana aliyechora tembo vizuri kuliko wote akaacha kuja darasani. Nikamwandika mtoro. Wiki ya tatu nikamfuata kwao, bibi yake akanionyesha kwa kidole: yuko dunguni.

Nililala huko usiku ule. Tembo hasikiki akitembea, nyayo zake ni laini chini. Kinachosikika ni mabua yakivunjika, kisha kimya, kisha kutafuna. Mtoto alikuwa na debe bovu na fimbo ya mkole. Alipiga lile debe mpaka mkono ukafa ganzi, akabadilisha mkono, akaendelea. Kulipokucha akanipeleka kwenye nyayo, akapima mmoja kwa shubiri zake: tatu kasoro kidogo. Saa mbili asubuhi, kengele ya shule ikilia ng'ambo ya korongo, alikuwa amelala fofofo chini ya mbuyu, mdomo wazi. Nilirudi shuleni nikalifuta lile neno "mtoro" kwa mkono wangu.

Tangu siku ile nasema wazi: somo la wanyamapori lisilomtoa mtoto dunguni bado halijaanza kufundishwa. Kwa hiyo kabla ya kufika kwenye daftari, tumtoe mwanao huko.

Zungumza na wenzako wenye mashamba yaliyoungana na lako, kaya nne au tano zinatosha. Pangeni zamu za watu wazima, kila usiku kaya moja, wawili wawili, bila mtoto wa shule hata mmoja. Kwetu ilichukua mwaka mzima kukubaliana, na yule mvulana akaurudia ule mwaka. Ninyi msichelewe hivyo.

Kisha jengeni fensi ya pilipili. Nguzo za miti, kamba ya katani, vitambaa vikuukuu. Pilipili kichaa ikikauka itwangwe, ichanganywe na oili chafu ya gari, mpake kamba na vitambaa. Tembo anaishi kwa pua, na harufu ile humkera sana. Tatizo ni kwamba wengi hupaka mara moja wakaenda kulala. Mvua ikinyesha dawa inapungua nguvu, lazima mpake upya. Na msiiache kamba ilegee. Vilevile mnaweza kufinyanga kinyesi cha ng'ombe pamoja na pilipili, kikauke, mkichome usiku upande unakotoka upepo ili moshi uelekee walipo.

Wapo wanaotumia nyuki, njia iliyoanza kupata sifa Kenya: mizinga inaning'inizwa kuzunguka shamba, kila mita 10 hivi, imeunganishwa kwa waya, tembo akiugusa mizinga inatikisika na nyuki wanatoka. Ni njia nzuri na asali inauzika. Lakini kwa kiangazi chetu cha Dodoma, usipowawekea nyuki maji karibu watahama. Anzeni na pilipili.

Sasa hayo madai. Kanuni zilizotoka mwaka 2011 zinaita malipo ya mazao kifuta jasho, na ya mtu aliyeumizwa au kuuawa kifuta machozi. Sikiliza jina lenyewe: si fidia, halitakurudishia uwele wote. Hata hivyo ni haki yako, ifuatilie. Andika tarehe, zao, ekari zilizoliwa, piga picha hata kwa simu ya jirani, pata muhuri wa mtendaji wa kijiji, baki na nakala. Ukiambiwa subiri, omba namba ya kumbukumbu ya jalada lako. Mtu mwenye namba hasahauliki kirahisi kama mtu mwenye malalamiko matupu.

Na nenda kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kisheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Uliza mbele ya watu: kuna fedha yoyote ya uhifadhi inayoingia hapa, na imefanya nini? Kule Idodi na Pawaga, pembezoni mwa Ruaha, vijiji vilitenga ardhi vikaungana katika jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, ili mapato ya utalii na uwindaji yafike kijijini. Jumuiya hizi zina matatizo yake, mgawo mara nyingi ni mdogo. Lakini kijiji kilichoamua chenyewe kina mahali pa kuuliza. Mahali palipoamuliwa na wengine ni tofauti: wazee wa Kondoa bado wanasimulia mwaka 1979, mifugo ilipoondolewa kwa amri ili HADO, mradi wa hifadhi ardhi ulioanza 1973, uponye makorongo. Majani yalirudi, ni kweli. Ila ukikaa nao, wanaanza na ng'ombe walioondoka.

Turudi kwa mtoto. Usimlazimishe kupenda kitu. Mwambie ukweli wote: kwamba sensa ya 2009 ilikuta tembo takriban 109,000 nchini, na ya 2014 ikakuta kama 43,000 tu, kwa sababu ya ujangili wa meno, kwamba tembo jike hubeba mimba miezi 22, hivyo kundi likiuawa halirudi upesi. Mwambie pia kwamba hasira yake ni halali. Kisha mwombe ashushe lile daftari, achore ramani ya mashamba yenu, aweke alama pale walipoingia, tarehe, saa, na njia waliyotokea. Wewe unalihitaji kwa ajili ya madai yako, na wenzako wa zamu wanalihitaji wajue fensi ianzie upande gani. Aandike akiwa nyumbani jioni, siyo dunguni.

*

Mwalimu shikamoo. Nimemaliza kidato cha nne, nataka kazi ya wanyamapori lakini kwetu hatuna ada ya chuo kikubwa. Nianzie wapi?
Kijana wa Manyoni

Marahaba. Vyuo vya wanyamapori vipo: Mweka tangu 1963, na Pasiansi kule Mwanza, lakini kuna mlango mwingine: askari wa wanyamapori wa vijiji. Hao hufundishwa Likuyu Sekamaganga, wilayani Namtumbo, na kwa kawaida hutoka kwenye vijiji vyenyewe, kwa hiyo anza kwa kuuliza serikali ya kijiji chako. Na kwa kuwa unatoka Manyoni, kwenye asali, usikipite Chuo cha Ufugaji Nyuki Tabora. Peleka vyeti vyako kwa afisa nyuki wa wilaya, umuulize maombi yanapokelewa mwezi gani.