Wadogo zangu, Lei haiwekwi kiporo

Wiki iliyopita nilikaa nyuma ya darasa la Kiitaliano la A1, ngazi ya wanaoanza, namwangalia mwalimu mgeni akifundisha. Kaandika ubaoni io, tu, lui, lei (mimi, wewe, yeye wa kiume, yeye wa kike), mistari imenyooka. Binti mmoja akanyoosha mkono: mbona kwenye fomu zake ameona Lei yenye herufi kubwa? "Dopo, dopo," yaani baadaye, mwalimu akamjibu, "hiyo ipo sura ya sita." Hiyo Lei ndiyo "wewe" ya heshima, ya mtu mzima au usiyemjua; tu ni ya rafiki. Niliikaba kalamu mpaka kidole kikauma. Nyie mnaoanza kazi hii, hasa mliolelewa kwa Kiswahili, nisikilizeni.

1. Lei ni ya siku ya pili. Najua kitabu kinaanza na tu. Mimi nilikifuata kitabu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na kijana kutoka Vietnam, amekuja kusoma uhandisi. Kwao, kama kwetu, humsemeshi mtu kabla hujajua ni kaka, shangazi au babu. Siku ya tatu akaniuliza kwa adabu: mtu mzima namwitaje? Nikamwambia asiwe na haraka. Sasa, mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya ana siku 8 za kazi tangu aingie Italia kuomba permesso di soggiorno, kibali cha kuishi. Sisi sura ya sita tulikuwa tunaifikia wiki ya tano. Hesabu hiyo sikuipiga.

Akaenda peke yake kwenye dirisha la ofisi moja. Sentensi aliyoibeba nilimfundisha mimi, tumeiimba darasani mara kumi: "Ciao, puoi aiutarmi?" Yaani mambo, unaweza kunisaidia? Kwa tu, kama kwa rafiki. Mtumishi, mama wa makamo, akavua miwani, akamuuliza, "Ci conosciamo?" Kwani tunafahamiana? Kijana hakujua kwamba anakaripiwa. Akatabasamu, akajibu kama nilivyomfundisha siku ya kwanza: "Sì, piacere!" Ndiyo, nafurahi kukufahamu! Foleni nzima nyuma yake ikacheka.

Akarudi na bahasha yake vilevile, akiamini karatasi ndizo zenye kasoro. Alinisimulia kwa Kiingereza cha kuungaunga, macho chini, halafu akauliza, "Nilimtukana?" Ilibidi nimwambie kwamba alimkosea heshima, na kwamba kosa ni langu. Wiki tatu hakufungua kinywa darasani. Mimi, niliyefundishwa shikamoo kabla ya kuhesabu moja mpaka kumi, nilimpeleka mtoto wa watu mbele ya mtu mzima bila shikamoo. Mpaka leo nikilikumbuka lile swali lake, moyo unaniuma.

Tangu hapo, siku ya pili nageuza meza iwe dirisha la ofisi. Buongiorno, scusi, può ripetere? Yaani habari, samahani, unaweza kurudia? Yote kwa Lei. Mmoja mtumishi, mmoja mwombaji, kisha wanabadilishana. Sarufi ya nafsi ya tatu, kwamba Lei hubeba kitenzi cha "yeye", siifafanui. Wanaimeza nzima, kama sisi tulivyoimeza shikamoo.

2. Essere na avere (kuwa, kuwa na) kwenye passato prossimo, wakati uliopita: fundisha kwa kisa cha safari, orodha ya vitenzi ije baadaye.

3. Mwanafunzi Mswahili msimtishe na jinsia za nomino, upatanisho anao tangu utotoni. Kitabu chekundu, vitabu vyekundu. Libro rosso, libri rossi. Dada mmoja wa Mombasa aligoma kabisa kukubali il problema (tatizo), neno la kiume, akasema neno lenye -a mwishoni ni la kike, basi. Nikamuuliza: unasema kifaru kikubwa au kifaru mkubwa? Akanyamaza, akacheka, akaandika un problema serio. Kumbe kifaru naye amevaa ki- ya watu. Hakukosea tena.

4. Konsonanti pacha zianze na umri, maana "Ho venti anni" (nina miaka ishirini) inasemwa siku ya kwanza. N moja ya anni ikiponyoka, neno linakuwa kiungo kisichotajwa mbele ya wakwe. Waswahili nawaambia waishikilie kama n ya "nne". Wengine nawapigisha makofi.

5. Kaeni nyuma ya madarasa ya wenzenu. Yule mwalimu mgeni nilimvuta pembeni baada ya kipindi, nikampa kisa cha kijana wa Vietnam kama nilivyowapa nyie. Hakusema kitu. Jana nikapita mlangoni kwake: meza imegeuzwa, yeye kasimama na karatasi mkononi kama mwombaji, na binti yule wa fomu kakaa upande wa mtumishi, mgongo umenyooka, anamwambia mwalimu wake aseme shida yake, kwa Lei: "Prego, mi dica."