Mwanangu kibonge anasahau darasani: ni unene?

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka 4, kilo 23, urefu sentimita 103. Nyumbani wanasema hiyo ndiyo afya. Mwalimu wa chekechea analalamika kwamba anasinzia, na akitumwa vitu viwili anakumbuka kimoja. Je, unene umemharibu akili?
Mama, Morogoro

JIBU: Hapana mama, akili yake haijaharibika. Ila uzito umezidi kweli. Zidisha urefu wake kwa mita, 1.03 kwa 1.03, kisha gawanya kilo 23 kwa jibu hilo: unapata kama 21.7, uwiano wa uzito na urefu (BMI). Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mvulana wa miaka 4 akifika 20 tayari ana unene uliokithiri.

Tafiti nyingi zimeona kwamba watoto wa namna hii, kwa wastani, hupata taabu kidogo kujizuia na kushika maelekezo. Lakini asiyeweza kujizuia naye hula zaidi, kwa hiyo usikimbilie kulaumu mafuta peke yake.

Kwa huyu anayesinzia, tungeanza na usiku. Anakoroma? Mafuta ya shingoni, pamoja na mafindofindo au nyama za puani, hubana njia ya hewa. Pumzi inakatika, mtoto anagutuka mara nyingi bila kuamka kabisa, na asubuhi anakwenda shule kachoka. Msikilize usiku mbili tatu. Akinyamaza ghafla kisha akavuta pumzi kwa nguvu, mrekodi kwa simu, umpeleke kwa daktari na hiyo rekodi.

Omba pia apimwe wingi wa damu. Mtoto mnene anaweza kukosa madini ya chuma, ambayo ubongo unayategemea sana, hasa akinywa maziwa ya ng'ombe zaidi ya nusu lita kwa siku, au chai pamoja na chakula. Mpe maini, dagaa, maharage.

Tafadhali usimshindishe njaa, bado anakua. Akibaki na kilo 23 hadi afike sentimita 110, hesabu ile itashuka hadi 19. Ondoa soda kwanza: chupa ya mililita 300 ina sukari kama vijiko 8 vya chai, karibu kiasi chote cha kutwa kwa umri wake. Juisi za pakiti nazo zipungue. Runinga na simu visizidi saa 1, acheze saa 3 kwa siku, ikiwemo saa 1 ya kukimbia hadi ahema, na alale saa 10 hadi 13.

Mrudishe kliniki baada ya miezi 3, apimwe uzito na urefu vyote viwili, kwa mizani ileile.