Kuhusu nyumba ya rafiki yako

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unauliza ujitoe au ubaki kwenye kundi la WhatsApp la wenzako wa chuo, kwa kuwa tangu yule rafiki yako aweke picha za nyumba aliyoezeka, unaamka usiku kuziangalia tena. Kundi nitalifikia. Kwanza tushughulike na hicho kinachokuamsha, maana hata ukijitoa, nyumba itabaki pale pale Dodoma, na ukienda kazini utapita mbele yake.

Tangu uko darasa la kipaimara nakuambia: wivu hauponi kwa kupata. Soma tena 1 Wafalme 21. Mfalme Ahabu ana kasri, lakini anajilaza kitandani, anageuza uso, anakataa chakula kwa sababu ya shamba la Nabothi alilotaka kulifanya bustani ya mboga. Mboga, mwanangu! Akalipata, kwa damu ya mwenzake. Na aliposhuka kulitwaa, nabii Eliya akamkuta humo humo shambani.

Utaniambia, na Hana je? Naye aliona mke mwenzake Penina ana watoto, yeye hana, akalia, akakataa kula vile vile. Kweli. Ila Hana alimwomba Mungu mtoto wake mwenyewe, hakuomba wa Penina wapungue. Kwa hiyo kutamani nyumba si dhambi. Hapana, ngoja, nisikurahisishie kiasi hicho. Mtu huuvuka mpaka kati ya kutamani na wivu huku bado anasema ana malengo tu. Jipime hivi: ukisikia ukuta wa mwenzako umepata ufa, moyo wako unafanya nini?

Bibi yako alijijua kwa kipimo hicho. Habari ya cherehani mnaijua nusu, ile mnayochekea Krismasi. Yule mama wa ng'ambo ya mfereji aliponunua cherehani ya kukanyaga, bibi aliacha kupita kwake. Akabadilisha hata njia ya kuchota maji. Kipaimara cha binti wa yule mama kikafika, bibi akasema anaumwa mgongo. Kisha siku moja mkanda wa cherehani ukakatika, ule wa ngozi unaoungwa kwa kipini cha waya. Mashine ikalala na nguo za watu zimekatwa tayari, sikukuu iko karibu. Bibi akapewa habari hiyo akiwa anamenya ndizi, na akajikuta anatabasamu. Alikuwa akisimulia kwamba tabasamu lile lilimtisha kuliko dhambi zake zote. Aliweka kisu chini, akaingia ndani, akamtaja yule mama kwa jina mbele za Mungu. Kesho yake alishuka Moshi mjini kununua mkanda, akaupeleka kwa mikono yake. Urafiki ukarudi. Kipaimara cha yule binti hakikurudi, na hilo bibi alilisema akilia hadi uzeeni.

Sasa fanya hivi. Andika kwenye karatasi kitu chenyewe unachokionea wivu. Usiandike "maisha yake". Andika: bati la rangi, vyumba vitatu, geti. Kisha kiri mbele za Mungu kwa sauti, kama Asafu katika Zaburi ya 73, ambaye hakuficha kwamba aliwaonea wivu wenye kujivuna. Ukikiri kimoyomoyo, utaanza kujitetea kabla hujafika amina.

Halafu mwombee huyo rafiki, asubuhi, siku thelathini, na umwombee kitu kile kile: paa lisivuje, fundi asimwibie, alale kwa amani humo. Siku za kwanza itakuwa midomo tu, usiache. Watu wengi wanaharibu hapa, wanamalizia na "na mimi pia, Bwana". Ombi lako lipeleke jioni. Ukiyachanganya, unarudi kwenye kupima cha nani kikubwa.

Kuna dawa mbili za uongo. Ya kwanza ni kutafuta doa: "ni mkopo ule, tutaona marejesho." Hiyo ni husuda iliyovaa miwani. Ya pili inapendwa sana kanisani, kujifariji kwamba wako wasio na hata chumba. Hiyo ni sala ya Farisayo wa Luka 18, "nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine". Shukuru kwa kilicho mkononi mwako, kwa jina lake, bila kumsogeza mtu yeyote pembeni.

Mwisho mkono utoke. Paulo anatuagiza tufurahi pamoja nao wafurahio, tulie pamoja nao waliao. Kulia tunaweza, msibani tunajaa mpaka barabarani. Kwenye furaha ya mwenzetu ndipo tunaumwa mgongo. Mchungaji akienda kuibariki nyumba yake, uwepo, na zawadi iwe ya kadiri. Zawadi kubwa kuliko uwezo wako ni mashindano. Hongera yako itume siku hiyo hiyo, isichache moyoni. Na ukimaliza siku thelathini bado unaamka usiku, anza tena. Paulo mwenyewe alisema amejifunza kuwa radhi, na mtu hajifunzi kwa siku moja. Wivu hauponi kwa kupata, na hauponi kwa haraka.

Sasa hilo kundi. Wewe ni mtu mzima, sitakuamulia. Mkono unataka kabisa kuandika neno moja hapa, nauzuia. Nitasema tu kwamba bibi alibadilisha njia ya maji, na cherehani aliendelea kuisikia toka jikoni kwake.

Niandikie siku ya kuibariki nyumba. Kuna mkungu wa ndizi mshare unakaribia kukomaa hapa nyuma; nitaupakia kwenye basi, umpelekee.

Mama yako